John Hanning Speke: Hoja ya Isamilo iliyopungukiwa kauli moja

Mwanafunzi anayepanda daladala pale Buzuruga kuelekea katikati ya jiji la Mwanza yuko kilomita chache tu kutoka kilima cha Isamilo. Ni katika vilima hivyo, tarehe 3 Agosti 1858, ambapo ofisa wa jeshi kutoka Uingereza, John Hanning Speke, alitazama maji yaliyotanda upande wa kaskazini mpaka macho yakachoka, akaamua papo hapo kwamba amekiona chanzo cha mto Nile. Jibu lake lilikuwa sahihi. Hoja iliyomfikisha kwenye jibu hilo ilikuwa na tundu, na kama angeiandika kwenye karatasi ya mtihani wa mantiki, angekosa alama.

Tunamchukua Speke leo kwa sababu hiyo. Wanaosoma mada ya mantiki katika hisabati ya kidato cha tano, na wale wa vyuo wanaosoma falsafa, huulizwa kama hitimisho linatokana na kauli zilizotangulia. Wengi hujibu swali jingine kabisa: kama hitimisho ni kweli. Wakiona sentensi ya mwisho wanayoikubali, huweka tiki. Maisha ya mtu huyu yanaonyesha kosa hilo kuliko mfano wowote wa kitabuni, na sehemu kubwa ya mkasa wenyewe imetokea hapa hapa ziwani.

Kwanza tukumbushane kidogo. Hoja ya kauli tatu, iliyopangwa kwa utaratibu na Mgiriki Aristotle zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ina kauli mbili za msingi na hitimisho moja. Kauli hizo mbili huunganishwa na neno la kati, linaloonekana katika zote mbili na kutoweka kwenye hitimisho. Njia rahisi ya kuijaribu hoja yoyote ni kuliacha umbo lake lilivyo na kubadilisha maneno. Twende sokoni. Sato wote ni samaki. Sangara wote ni samaki. Kwa hiyo sangara wote ni sato. Hakuna mchuuzi wa Kirumba atakayekubali. Kauli za msingi zote mbili ni kweli, lakini hitimisho ni uongo, kwa hiyo umbo lenyewe limevunjika. Neno la kati, samaki, halikufunga chochote, kwa kuwa ndani ya samaki kuna nafasi ya sato na sangara kuishi bila kukutana. Tuliweke mfano huu mfukoni, tutauhitaji tukifika Isamilo.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 huko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1844 alijiunga na jeshi la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, akapigana vita vya Punjab, na likizo zake akazitumia kuwinda milimani. Hakuwa msomi. Mwaka 1855 alikuwa Berbera, pwani ya Somalia, pamoja na Richard Burton, mtu aliyejua lugha nyingi na kupenda mabishano. Kambi yao ilivamiwa usiku. Mwenzao mmoja aliuawa, Burton alichomwa mkuki uliopenya mashavu yote mawili, na Speke alifungwa kamba na kuchomwa mara kadhaa kabla ya kuponyoka.

Mwishoni mwa 1856 wawili hao walifika Zanzibar, na katikati ya 1857 wakaanza safari ya bara kutafuta maziwa ambayo wafanyabiashara wa misafara walikuwa wakiyataja. Novemba walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo. Hapo mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwaeleza kwamba kuna maziwa kadhaa makubwa, si moja kama ramani fulani za Ulaya zilivyoonyesha. Taarifa hiyo ina uzito katika mantiki, nasi tutairudia. Februari 1858 walifika Ujiji. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa homa, Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho, na baadaye mdudu aliingia sikioni mwake, akajaribu kumtoa kwa kisu na kubaki na uziwi kwa muda mrefu.

Ziwa Tanganyika liliwapa zoezi la kwanza. Burton alitamani mto Rusizi, ulio kaskazini mwa ziwa hilo, uwe unatoka ziwani na kuelekea Nile. Wenyeji wakawaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani. Hoja ikawa hivi: kama Nile inatoka Tanganyika kwa njia ya Rusizi, basi Rusizi unatoka ziwani, Rusizi hautoki, unaingia, basi Nile haitoki Tanganyika kwa njia hiyo. Umbo hili ni imara. Ukikanusha matokeo, umekanusha chanzo chake, na hakuna namna ya kulipindua. Aliyetaka kubisha ilimpasa kuishambulia kauli yenyewe, aseme wenyeji walikosea. Burton alikuja kufanya hivyo miaka kadhaa baadaye. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kuutazama mto huo kwa macho yao, na kweli ulikuwa unaingia.

Kulikuwa na hoja nyingine, ya urefu kutoka usawa wa bahari. Maji hayapandi mlima; Tanganyika liko chini mno; kwa hiyo haliwezi kulisha Nile. Kipimo chao, kilichopatikana kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kilitoa karibu futi 1,850. Leo tunajua ziwa hilo liko karibu mita 770, ambazo ni zaidi ya futi 2,500. Yaani umbo lilikuwa zuri na hitimisho kweli, lakini kauli moja ya msingi ilitegemea namba isiyo sahihi. Mwanafunzi akiulizwa kama hoja hiyo inasimama, ajibu mara mbili, kwa umbo na kwa ukweli wa kauli, wala asichanganye.

Waliporudi Tabora, Burton alibaki kupumzika na kuandika. Speke, macho yakiwa bado hayajapona vizuri, aliondoka tarehe 9 Julai 1858 kwenda kaskazini. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, kisha akarudi Afrika ya Mashariki akiwa mtu huru. Speke hakujua Kiarabu wala Kisukuma. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akazungumza na wengine. Kila taarifa aliyopewa Mwanza ilipita katika vinywa viwili au vitatu kabla ya kufika kwenye daftari lake.

Alikaa Mwanza siku chache tu. Hakupanda mtumbwi kuvuka ziwa. Aliuliza ziwa linaishia wapi kaskazini, na mtu aliyesifiwa kuwa msafiri kuliko wote alinyoosha mkono kuelekea huko na kueleza kwamba hakuna ajuaye, huenda linafika mwisho wa dunia. Speke alichemsha maji yake, akapata karibu futi 3,740. Hapo alifanya kazi nzuri ajabu, kwani vipimo vya leo ni mita 1,134, takriban futi 3,720. Kisha akalipa ziwa jina la malkia wake, Victoria, ingawa wenyeji walikwisha kuliita Nyanza, akageuza njia. Tarehe 25 Agosti alikuwa Tabora tena, na asubuhi hiyo hiyo akamwambia Burton kwamba kitendawili kimeteguliwa.

Tuiandike hoja yake kwa mpangilio wa mtihani. Chanzo cha Nile ni ziwa kubwa, lililoinuka, upande wa kusini. Nyanza ni ziwa kubwa, lililoinuka, upande wa kusini. Kwa hiyo Nyanza ndiyo chanzo cha Nile. Sasa toeni ule mfano wa sato na sangara. Umbo ni lile lile! Vitu viwili vimepewa sifa moja, kisha vikatangazwa kuwa kitu kimoja. Hoja hii ingesimama kama ingeongezwa kauli ya tatu, kwamba ziwa la namna hiyo ni moja tu. Kauli hiyo Speke hakuwa nayo. Kwa kweli alikuwa na sababu ya kuitilia shaka, maana Snay bin Amir alikuwa amemwambia maziwa ni mengi.

Burton aliliona tundu hilo mara moja na hakukubali. Walibishana mpaka wakaafikiana kutolizungumza tena, na urafiki ukafa njiani kurudi pwani. Speke alifika London tarehe 8 Mei 1859, siku kadhaa kabla ya mwenzake, akatoa taarifa kwa Chama cha Kifalme cha Jiografia na kupewa msafara mwingine. Burton alidai kwamba walikuwa wameahidiana kusubiriana.

Hapa tunaona Speke ametendewa ukali kupita kiasi na baadhi ya waliomwandika. Kubahatisha vizuri si kosa. Sayansi huanza hivyo. Naye aliomba kurudi ili athibitishe, jambo linaloonyesha kwamba moyoni alijua kuna kitu kinakosekana. Kosa lake ni kulitangaza jambo limefungwa lilipokuwa bado limefunguliwa.

Alirudi mwaka 1860 pamoja na James Grant. Walipita Tabora, wakakaa Karagwe kwa mfalme Rumanika, na Februari 1862 Speke akafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Tarehe 28 Julai 1862, bila Grant, alisimama penye maporomoko ya Jinja na kuona mto ukitoka ziwani kwenda kaskazini. Hiyo ilikuwa kauli mpya na ya thamani: kuna mto unaotoka. Lakini hakuufuata mto huo hatua kwa hatua; alikata njia na kuukuta tena mbele. Wala hakulizunguka ziwa. Alikuwa ameliona Mwanza kusini, na miaka minne baadaye sehemu chache za kaskazini, akasema ni ziwa moja. Wapinzani wakauliza: umejuaje kwamba hayo si maziwa mawili au matatu? Swali lilikuwa la haki.

Mabishano yalipangwa kufanyika mbele ya wanasayansi katika mji wa Bath, tarehe 16 Septemba 1864, Speke na Burton uso kwa uso. Tarehe 15 mchana Speke aliondoka kikaoni, akaenda kuwinda ndege katika shamba la jamaa yake. Alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ilifyatuka na kumpiga ubavuni. Alikufa akiwa na umri wa miaka 37. Uchunguzi rasmi ulisema ni ajali.

Watu hawakuridhika, na mpaka leo wapo wanaodai alijiua. Hoja yao ni hii: mtu anayeogopa aibu anaweza kujiua, Speke aliogopa mdahalo, alikufa siku moja kabla ya mdahalo, kwa hiyo alijiua. Wanafunzi waijaribu wenyewe. Neno kuwezekana limeingia kwenye kauli ya kwanza na kutoweka kwenye hitimisho, na ukaribu wa siku umefanywa kuwa sababu.

Kauli iliyokosekana ilipatikana miaka 11 baadaye. Machi 1875 Henry Stanley aliondoka Kageye, upande wa Magu, kwa mashua iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, akalizunguka ziwa kwa takriban miezi miwili. Aliona ni ziwa moja, na kwamba mto mkubwa unaotoka ni ule wa Jinja tu.

Hata baada ya hapo neno chanzo lenyewe limeleta shida. Likiwa na maana ya mahali Nile inapotoka ziwani, Speke ameshinda. Likiwa na maana ya kijito cha mbali kabisa kinachochangia maji hayo, inabidi kuufuata mto Kagera mpaka milima ya Rwanda na Burundi. Anayetumia maana moja kwenye kauli ya kwanza na nyingine kwenye ya pili ana hoja ya maneno manne iliyovaa nguo za hoja ya maneno matatu, na watunga mitihani huupenda mtego huu.

Maporomoko aliyoyaona Speke yalifunikwa na maji bwawa la Owen lilipokamilika mwaka 1954. Jina lake limebaki kwenye ghuba iliyo kaskazini na mashariki mwa Mwanza. Mjini London, katika bustani ya Kensington, kuna mnara wa jiwe uliowekwa kwa ajili yake wakati ubishi ukiwa bado moto. Maandishi yake yanalitaja ziwa, yanautaja na mto Nile na mwaka 1864, bila kusema popote kwamba kimoja ndicho chanzo cha kingine.