Robert Hadfield na chuma inayokazika kwa kupigwa

Baba na mama wa Kamina wanaijua ile sauti. Treni ikitoka upande wa Lubumbashi na kukaribia stasyo, magurudumu yanaanza kupiga. Ni pale njia zinaachana, moja inaenda Kananga na Ilebo, ingine inaenda Kabongo, Kabalo na Kalemie. Pale reli mbili zinakatana kuko nafasi kidogo, na kila gurudumu linairuka na kuangukia chuma ya ng'ambo sawa nyundo. Hesabu mwenyewe magurudumu ya treni moja ya mizigo, kisha hesabu siku za mwaka. Chuma ya kawaida ikiwekwa mahali sawa pale inalika upesi. Njo maana mu njia kubwa za dunia kile kipande, ambacho watu wa reli wanaita moyo, mara nyingi kinatengenezwa na chuma ya manganezi.

Ndugu zetu wa mu kariere nao wanaijua, hata kama hawajui jina lake. Iko mu taya za konkaseri, iko mu meno ya pele inayochota mawe, iko mu sahani zinazofunika tumbo la broyeri. Mtu aliyeivumbua aliitwa Robert Hadfield.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa 11 mwaka wa 1858 ku Attercliffe, kartie moja ya muji wa Sheffield, Uingereza. Sheffield ya wakati ule ilikuwa kwa chuma sawa vile Likasi na Kolwezi ziko kwa shaba: moshi asubuhi, moshi mangaribi, na karibu kila nyumba iko na mtu wa tanuru. Baba yake, naye Robert, alifungua mwaka wa 1872 kiwanda cha kuyeyusha chuma cha pua na kuimwaga mu kalibu. Mtoto alisoma vizuri. Njia ya universite ilikuwa wazi mbele yake, lakini alikataa. Alitaka moto. Alijifunza kwanza muda kidogo mu kiwanda cha watu wengine, kisha akaingia kwa baba yake.

Mwaka wa 1878 kulikuwa maonyesho makubwa ku Paris. Kampuni ya Terrenoire, ya kule karibu na Saint-Étienne, ilionyesha pale kwamba inaweza kutengeneza mchanganyiko wa chuma na manganezi, ambamo manganezi inafika mpaka 80 kwa mia. Kijana Hadfield alisoma karatasi za wale Wafaransa na jambo likamkaa mu kichwa.

Tuelewane hapa, juu ya bila hii hatutajua alifanya nini. Wafundi wote wa wakati ule walijua kwamba manganezi kidogo, chini ya 1 kwa mia, inafaa: inasafisha chuma iliyoyeyuka, inaondoa ubaya wa salfa. Lakini walijua pia kwamba ukipita kipimo, chuma inaharibika. Ukitia 3, 4, 5 kwa mia, inakuwa sawa nyungu ya udongo: mtu anaipiga na nyundo ya mkono, inapasuka. Kila fundi aliyejaribu alifika pale, akaona vipande chini, akaacha. Nani atapoteza makaa yake kuongeza kitu ambacho tayari kinaharibu?

Hadfield yeye alikuwa anatafuta chuma ngumu kwa magurudumu ya tramu na kwa mawe ya kunolea. Mwaka wa 1882, akiwa na umri wa miaka 23, akaanza kujaribu hatua kwa hatua na kuandika kila kitu mu kitabu. Alifika pale wengine walifika, akaona vipande vile vile. Akaongeza. Alipofika karibu 12 na 13 kwa mia, mambo yakageuka. Chuma ilikataa kupasuka. Ilipigwa, ikapinda, ikabaki nzima.

Kisha akaona maajabu ingine. Kila mutu wa fordji anajua: ukipasha chuma cha pua mpaka iwe nyekundu na kuitumbukiza mu maji, inakuwa ngumu lakini inavunjika upesi. Hii ya Hadfield ilifanya kinyume. Ikipashwa karibu digri 1.000 na kuitumbukiza mu maji baridi, njo inapata uvumilivu wake wote. Ikiachwa ipoe polepole, inabaki dhaifu. Na alipoweka sumaku karibu nayo, sumaku haikuivuta. Chuma ambayo sehemu yake kubwa sana ni chuma, na sumaku inaikataa! Unaweza kuelewa kwa nini watu walifikiri anawadanganya.

Lakini sifa yake kubwa ni ile ya kariere. Ikitoka kiwandani haiko ngumu sana. Iache ipigwe na mawe: ngozi yake ya juu inakazika, ugumu unaongezeka mara mbili na zaidi, na ndani inabaki laini, inameza mapigo. Ngozi ikilika, ile ya chini yake inapigwa na kukazika nayo. Wataalamu wa leo wanaeleza hivi: chuma ya kawaida ikipoa inabadilisha mpangilio wa ndani, lakini manganezi pamoja na kaboni, karibu 1 kwa mia, zinashikilia ule mpangilio wa wakati wa moto, na kila pigo linakamatisha tabaka zake moja kwa ingine zisiteleze tena. Angalia neno hili: pigo. Mchanga ukipita juu yake kwa kusugua tu, bila kupiga, chuma haikaziki na italika sawa zingine. Mu konkaseri inayokula mawe makubwa iko mahali pake. Mu mfereji unaopitisha mchanga laini, wanapoteza feza bure.

Brevet aliipata mwaka wa 1883. Mtu angefikiri feza ilianza kunyesha siku ile ile. Hapana. Ile chuma ilishinda hata vyombo vya wafundi: ukijaribu kuitoboa au kuikata na mashini ya turu, pale unaikata njo pale inakazika. Ilibidi kuimwaga mu kalibu ikiwa tayari na sura yake, kisha kuimalizia na jiwe la kusaga. Wanunuzi walichukua miaka kuamini. Mwaka wa 1888 alisimama mbele ya chama cha wenjinia ku London, akaeleza majaribio yake yote mbele ya wakubwa wa kazi. Mwaka ule ule baba yake alikufa, na yeye, hajafika miaka 30, akachukua uongozi wa kiwanda.

Soko lilifunguka sana sana ku Marekani, juu ya reli na konkaseri. Ku Boston, mu tuneli ya Park Street, kulikuwa kona kali ambapo reli ya kawaida ilimalizika kwa siku 44. Mwaka wa 1902 waliweka reli ya manganezi, na ile ilikaa miaka. Jambo kama lile linaeleweka kwa kila mwenye kampuni, hata asipojua kusoma karatasi za wataalamu.

Alikuwa mtu wa namna gani? Alipenda sifa, hilo halifichiki. Aliandika karatasi nyingi sana, na alihakikisha kwamba kila mtu anajua nani alivumbua nini. Alichunguza hata ile nguzo ya chuma ya Delhi, ku India, ambayo imesimama zaidi ya miaka 1.500, na hakukuta manganezi ndani yake. Kama angefika huku kwetu, angeweza kuchunguza pia majembe na mashoka ya makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, vitu ambavyo mababu wa Baluba walifua zaidi ya miaka 1.000 iliyopita. Hakufika.

Kwa wafanyakazi wake alikuwa mbele ya wengi. Mu miaka ya 1890, wakati viwanda vingi vilikuwa vinakamua watu tangu giza mpaka giza, yeye alikuwa kati ya matajiri wa kwanza wa Uingereza kukubali siku ya kazi ya saa 8. Alisema wazi, kwa hesabu, kwamba mtu aliyepumzika anatoa kazi nzuri kuliko aliyechoka. Mwenye kuandika hapa anamheshimu kwa hilo kuliko kwa vyeo vyote alivyopata baadaye, na vyeo vilikuwa vingi: mwaka wa 1908 mfalme alimpa cheo cha Sir, mwaka wa 1909 wataalamu wa Royal Society wakamwingiza mu chama chao, mwaka wa 1917 akapewa cheo cha baronet.

Kuko na upande mwingine. Kiwanda chake kilitajirika pia kwa masasi ya mizinga, yale yanayotoboa chuma ya manowari. Vita ya 1914 ilipofika, kazi iliongezeka mara nyingi, maelfu ya wanaume na wanawake waliingia kiwandani, na masasi yakatoka usiku na mchana. Mwaka wa 1915, wakati askari wa Uingereza walikuwa wanakufa mu mitaro kwa vipande vya bomu vinavyoanguka juu ya kichwa, jeshi lilichagua chuma yake ya manganezi kwa kutengeneza kofia. Kofia zile zilivaliwa na mamilioni. Mtu mmoja, kiwanda kimoja: bomu na kofia. Mke wake, Frances Wickersham, Mmarekani aliyemuoa mwaka wa 1894, alifungua hospitali ku Wimereux, Ufaransa, kwa wale waliojeruhiwa, na bwana ndiye alilipa. Kila mtu atahukumu mwenyewe.

Tusisahau kazi yake ya pili. Akitafuta vile vile hatua kwa hatua, alitengeneza chuma yenye silisiumu. Mwanzo haikuonekana na faida. Baadaye walikuta kwamba inapitisha nguvu ya sumaku bila kupoteza mingi, na tangu mwanzo wa miaka ya 1900 ikaingia mu matransfo ya umeme. Njia ya reli ya umeme inayotoka Lubumbashi inafika Kamina. Bila matransfo hakuna treni ya umeme, kwa hiyo yule bwana wa Sheffield alitusogelea mara mbili.

Robert Hadfield alikufa tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka wa 1940, upande wa London, wakati ndege za Wajerumani zilikuwa zinapiga ule muji. Hakuacha mtoto, cheo chake kiliisha naye. Kiwanda chake kikubwa cha East Hecla kilifungwa mwaka wa 1983, na mwaka wa 1990 pale pale walifungua soko kubwa, Meadowhall, ambapo watu wananunua viatu na nguo.

Chuma haikufungwa. Kwa masudere wetu kuko neno ambalo majaribio yake yanafundisha mpaka leo: hii chuma haipendi kupashwa tena na kuachwa ipoe polepole. Ukiisudea, tia mistari mifupi, ngoja ipoe, gusa tena. Kipande kikibaki na moto mwingi muda mrefu kinarudia ile tabia ya nyungu, na kitapasuka mu kazi, pengine mbele ya uso wa mtu. Na usivute ule moshi. Moshi na vumbi ya manganezi, mtu akizivuta miaka na miaka, zinaharibu ubongo: mikono inatetemeka, mwendo unakuwa mzito, uso unakauka bila kicheko. Sudea mahali upepo unapita, na kama tajiri anakataa kuleta maski, muombeni wote pamoja, msimwache mmoja aombe peke yake.

Manganezi yenyewe tuko nayo. Iko Kisenge, upande wa Lualaba, ambako BCK-Manganèse ilichimba kwa miaka mingi na kuituma Lobito kwa treni. Vita ya Angola ilipokata ile njia mwaka wa 1975, milima ya mawe meusi ilibaki inangoja pale pale. Mu mwezi wa tatu mwaka wa 2018 treni ya manganezi ilipita tena mpaka wa Dilolo. Mawe yanaenda baharini yakiwa mawe, na taya za konkaseri zinarudi kwetu zikiwa mu masanduku, na beyi yake imeandikwa kwa dola.