Dave Arneson: Fanani aliyeipa Dungeons & Dragons uhai

Ukiuliza wapenzi wa gemu nani alianzisha Dungeons & Dragons, wengi watakutajia Gary Gygax. Si uongo, lakini hiyo ni nusu ya stori. Nusu ile nyingine ni ya Dave Arneson, jamaa ambaye sheria hazikumnyima usingizi. Yeye alitaka kujua kitu kimoja: halafu ikawaje?

Kwa wale ambao hawajawahi kuicheza, hii si gemu ya simu wala kompyuta. Watu wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake. Mmoja wao ndiye gemu masta. Huyo anasimulia mahali mlipo, hatari iliyo mbele yenu na wanachosema watu mnaokutana nao. Nyinyi mnaamua mtafanya nini. Pale ambapo hakuna ajuaye kama mtafaulu, dadu zinarushwa. Ukikumbuka darasa la fasihi simulizi, gemu masta ni fanani, ila hadhira yake haiitikii pakawa tu na kunyamaza. Hadhira inaingia ndani ya hadithi na kuipindua.

Arneson alizaliwa Oktoba 1, 1947, jimbo la Minnesota, Marekani. Akiwa kijana, wazazi wake walimnunulia Gettysburg, gemu ya vita ya kampuni ya Avalon Hill, na tangu hapo hakuacha. Alisomea historia Chuo Kikuu cha Minnesota, na muda wake mwingi akawa na kundi la marafiki waliopigana vita vya zamani mezani kwa kutumia wanajeshi wadogo wa kuchezea. Ubishi haukuisha. Kila mtu alikuwa profesa wa historia.

Kisha mmoja wao, David Wesely, akaleta kitu kipya alichokiita Braunstein. Badala ya kuongoza jeshi zima, kila mchezaji alipewa mtu mmoja: huyu meya, yule mwanafunzi mkorofi. Arneson alinogewa. Katika mojawapo ya michezo hiyo alikuja na kitambulisho feki cha CIA, akawapiga wenzake changa la macho. Hakukuwa na sheria iliyomruhusu, na hakukuwa na iliyomkataza.

Mwaka 1971 ikawa zamu yake. Baada ya wikendi ya kutazama filamu za kale za majitu, kusoma vitabu vya Conan na kutafuna bisi, aliwaalika marafiki kwao. Walitarajia vita vya kawaida, wakakuta kasri mezani, na chini ya kasri mapango yenye viumbe vya ajabu. Nchi hiyo ya kubuni aliiita Blackmoor.

Mwanzoni aliazima sheria za Chainmail, kitabu cha Gygax na Jeff Perren. Shida ikatokea haraka: mhusika angeweza kufa kwa pigo moja. Wachezaji walikuwa tayari wamewapenda wahusika wao, na hakuna aliyetaka kuwazika kila wiki. Arneson akachukua wazo kutoka gemu za vita vya majini, ambapo meli hupigwa mara kadhaa kabla ya kuzama. Hapo ndipo zilipotoka pointi za uhai, zile unazoziona zikipungua kwenye gemu nyingi leo. Angalia mpangilio wake. Watu walijali hadithi kwanza, ndipo sheria ikatungwa ili kuilinda.

Tena hakuwa mtu wa kubembeleza. Wachezaji wake walipozama kwenye mapango wakisaka hazina na kusahau kulinda mji, maadui waliuteka, na mashujaa wetu wakafurushwa uhamishoni. Wachezaji walijua kwamba kila walilofanya lingewarudia.

Mwishoni mwa 1972, Arneson na mwenzake David Megarry walisafiri hadi Lake Geneva, Wisconsin, wakamchezesha Gygax. Gygax alitaka sheria papo hapo. Arneson alimtumia kurasa kama 20 za maandishi, ambazo zilikuwa ngumu kufuata kwa sababu sehemu kubwa ya mchezo ilikuwa kichwani mwake. Gygax alikaa chini, akapanga, akaongeza, na Januari 1974 kampuni yake ya TSR ikatoa nakala 1,000 zikiwa na majina yao wote wawili.

Raha haikudumu. Arneson aliajiriwa TSR 1976, akaondoka mwaka huohuo. Toleo jipya la gemu lilipoanza kutoka 1977, lilibeba jina la Gygax peke yake. Mwaka 1979 Arneson alienda kortini kudai jina na mrabaha wake. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano 1981, akatambuliwa kuwa mwanzilishi mwenza.

Tuwe wakweli: bila Gygax, Blackmoor ingebaki stori ya marafiki wachache wa Minnesota. Kitabu ndicho kilichoisafirisha. Lakini kitabu kikishafika mezani, hakisemi chenyewe. Sheria ni zilezile kwa kila kundi, na bado meza moja watu wanapiga miayo huku nyingine wanakosa matatu ya mwisho kwa kutaka kujua kitatokea nini. Tofauti ni anayesimulia. Kama unaogopa kuanzisha kundi lako kwa sababu kitabu ni kinene, anza na mahali, hatari, na watu wenye kitu cha kupoteza. Sheria mtazitafuta mkikwama.

Miaka yake ya mwisho Arneson alifundisha ubunifu wa gemu katika chuo cha Full Sail, Florida. Somo lake lilihusu sheria za mchezo, kicheko hicho! Gygax alifariki Machi 2008. Arneson akamfuata Aprili 7, 2009, kwa saratani, akiwa na miaka 61.

Na wewe mwenye stori kichwani, gemu, katuni au podikasti, chukua hili la mwisho kutoka kwake. Isimulie kwa watu, waipende, waivuruge. Halafu iandike vizuri, uweke jina lako na tarehe, kabla hujamwachia mwingine akuandikie.