Joseph Paxton, mtunza bustani aliyejenga jumba la vioo juu ya miti

Katika mwaka wa 1850, magazeti na wabunge wa Uingereza walilalamika sana juu ya Hyde Park, bustani ambamo wakaaji wa London walipumzikia. Kamati ya maonyesho ya kimataifa ilikuwa imekataa michoro 245, halafu ikaleta mchoro wake yenyewe: jumba kubwa la matofali ndani ya bustani hiyo. Wengi waliogopa kwamba miti itaangushwa na kwamba jumba hilo halitaondoka tena.

Aliyeleta jibu alikuwa mtunza bustani. Joseph Paxton alizaliwa tarehe 3 Agosti 1803 katika kijiji cha Milton Bryan, katika jamaa ya mkulima. Alipokuwa na miaka 22, Duke wa Devonshire alimpa usimamizi wa bustani za Chatsworth. Huko alijenga nyumba za vioo ili mimea ya nchi za joto isiuawe na baridi. Mwaka wa 1847 Birkenhead ikafungua bustani aliyoichora, iliyolipwa kwa pesa za mji ili kila mtu aingie.

Juni 1850, akiwa katika mkutano wa kampuni ya reli, alichora wazo lake kwenye karatasi ya kukaushia wino. Lilikuwa jumba la vyuma, mbao na vioo, lenye vipande vya kipimo kimoja vilivyotoka viwandani, ambavyo vingeweza kufunguliwa na kuhamishwa. Urefu wake ulipita metre 560. Miti mikubwa iliyosimama katikati haikukatwa. Paa liliinuliwa kama upinde, miti ikabaki ndani.

Malkia Victoria alilifungua tarehe 1 Mei 1851. Mwanzoni kiingilio kilikuwa ghali. Kiliposhushwa mpaka shilingi 1 katika siku fulani za juma, wafanyakazi walifika kwa wingi. Kufikia Oktoba, watu walikuwa wameingia mara milioni 6 hivi. Paxton akapewa cheo cha Sir.

Kisha maonyesho, jumba lilifunguliwa vipande kwa vipande na Hyde Park ikarudi kwa wakaaji. Paxton alilijenga upya, likiwa kubwa zaidi, huko Sydenham, kusini mwa London, ndani ya bustani yenye chemchemi na sanamu za wanyama wa zamani sana. Lilifunguliwa Juni 1854. Lakini gharama zilikuwa nzito, na milango ilifungwa siku ya Yenga, siku ambayo wafanyakazi wengi walipata nafasi ya kupumzika. Ubishi juu ya jambo hilo uliendelea miaka mingi.

Paxton, aliyekuwa pia mbunge wa Coventry, alikufa Sydenham tarehe 8 Juni 1865. Jumba liliteketea kwa moto tarehe 30 Novemba 1936. Bustani yake ingali wazi, na sanamu za wanyama zingali zimesimama kando ya maji.