Jon Postel, mwenye daftari ya milango

Wandugu, sisi tunajua kazi ya pointeur: bila liste yake, nani atajua mutu gani amebaki chini? Jon Postel alifanya kazi ya namna ile kwa ajili ya ordinatere za dunia. Alizaliwa mwaka 1943 kule California, mutu wa ndevu ndefu na sandali.

Ordinatere iko na milango zaidi ya 65.000, kila moja na namba yake. Yeye na mama Joyce Reynolds ndio waliandika kila namba ni ya kazi gani: 25 ya barua, 80 ya kurasa za intaneti. Mwenye kuchunga mashine akikuta mulango wazi, anaangalia ile liste. Kama mulango hauna kazi, anaufunga, maana mwizi anapitia pale pale.

Lakini mwenye liste anaogopewa, hata kwetu ni vile. Mu Januari 1998 aliomba mashine 8 kubwa za majina ya intaneti zifuate ya kwake. Serikali ya Marekani ikakasirika, akarudisha. Alikufa mu Oktoba ya ule mwaka, nyuma ya operesheni ya moyo, na miaka 55. Namba 25 ingali ya barua.