Joginder Singh: fundi wa gereji aliyeshinda Safari kwa gari lililokwishatumika

Mvua zikikolea Zagayu, gari dogo ni mtihani. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi masika, hauna huruma na Probox wala Corolla. Tairi linazunguka pale pale, tope linajaa kwenye matao, abiria wanashuka kusukuma. Ndiyo maana mafundi wetu wa Simiyu, kuanzia Bariadi mjini hadi vijijini Itilima, wameinua magari mengi kuliko walivyokusudia watengenezaji wake: springi nene, spesa juu ya shokapu, tairi pana, sahani ya chuma chini ya injini.

Wasikilizaji wengi hudhani ufundi huo umezaliwa juzi, pamoja na magari ya Japani. Sivyo. Miaka sitini iliyopita alikuwepo mtu hapa Afrika Mashariki aliyechukua gari la familia, tena lililokwishatumika na watu wengine, akalifungua na kulifunga upya, kisha akalishinda kundi zima la madereva walioletwa na viwanda vya Ulaya. Alikuwa Mkenya, Kalasinga mwenye kilemba, na kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi. Jina lake Joginder Singh.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, nchi ya mashamba ya chai magharibi mwa Kenya. Baba yake, Battan Singh, alikuwa ametoka Punjab, India, akaja kutafuta maisha Kenya na kufungua gereji. Joginder alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto kumi. Mtoto wa kwanza wa mwenye gereji anajulikana kazi yake: kushika taa fundi akiwa chini ya gari, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kuletewa spana na kuambiwa siyo hiyo, lete ile nyingine.

Hapa tuseme neno kidogo. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki ya wakati ule, Kalasinga na fundi yalikuwa karibu neno moja. Masingasinga wengi waliletwa au walikuja wenyewe wakati wa kujenga reli, wakiwa waashi, maseremala na wahunzi, na magari yalipoanza kuongezeka wao ndio waliokuwa na mikono tayari. Vijana wengi wa Kiafrika walijifunzia ufundi katika gereji zao. Kwa hiyo Joginder hakuwa kioja. Alikuwa mmoja wa kizazi kikubwa cha mafundi, ila yeye alitoka chini ya gari akakaa nyuma ya usukani.

Baada ya shule alifanya kazi kwa baba yake, kisha katika gereji za Nairobi. Mwaka 1958 alipata kazi iliyomfaa kuliko zote, ya fundi wa doria wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wanachama walioharibikiwa. Fikiria shule aliyoipata pale. Kila siku anakutana na gari jingine, na ugonjwa mwingine, mbali na duka la spea, mwenye gari akiwa amesimama juu yake na jua linazama. Fundi wa gereji huletewa gari lililokwishakufa. Fundi wa doria hulikuta pale pale lilipofia, akaona shimo lililolivunja na kilima kilichoichemsha injini. Mtu anayejua gari linavunjikia wapi, na kwa nini, anajua pia pa kuliimarisha.

Mwaka huo huo, akiwa na miaka 26, alianza mashindano. Mwaka 1959 akaingia kwa mara ya kwanza kwenye Safari.

Kwa kijana wa leo inafaa tueleze Safari ilikuwa nini. Ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati wa mvua. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa mwendo wa karibu kilomita 5,000 usiku na mchana. Barabara hazikufungwa. Dereva angeweza kukutana na lori la pamba, ng'ombe, baiskeli, au mto uliobeba daraja saa moja kabla yake. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi, mawe na udongo mweusi ambao Waingereza waliuita udongo wa pamba. Msikilizaji wa Zagayu haitaji kuelezwa huo ni udongo gani.

Safari ilikuwa inakula magari. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 saba tena. Waliokuja na wataalamu wao kutoka Ulaya walirudi nyumbani mwaka hadi mwaka bila ushindi, kwa sababu mwendo wa kasi uliowafaa katika barabara za kwao uliyavunja magari huku kwetu.

Gari lililompa Joginder jina lilikuwa Volvo PV544. Kwa sura lilikuwa gari la baba na mama wa Sweden: milango miwili, mgongo wa mviringo kama kobe, nafasi ya watoto nyuma. Lakini ndani lilikuwa na mambo. Injini yake ya lita 1.8 ilikuwa na kabureta mbili, bodi yake ilikuwa ya chuma kigumu iliyounganishwa kuwa kitu kimoja bila chesi ya kando, na lilisukumwa na matairi ya nyuma. Gari la familia lenye roho ya mbio.

Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwishatumika kwenye Safari ya mwaka 1964, likabaki Kenya. Anayenunua gari lililotoka mashindanoni ananunua mashaka: bodi imepigwa, bushi zimelegea, difu imekula mateso. Joginder na mdogo wake Jaswant walilichukua na kulishughulikia wenyewe, kwa mikono yao. Kwa maoni yetu hapo ndipo Safari ya 1965 iliposhindwa na kushindiwa, kabla hata bendera haijapeperushwa.

Magari ya Safari ya miaka ile yaliandaliwa kwa njia ambayo fundi yeyote wa kijijini ataielewa. Kwanza gari lilivuliwa nguo zote likabaki bodi. Maungio ya bodi yakachomelewa upya mahali ambapo kiwanda kilikuwa kimeshika kwa nukta nukta tu. Springi ngumu zaidi zikawekwa, na shokapu za nguvu, kwa sababu shokapu ikichemka kwenye njia ya mabati, ile yenye matuta madogo madogo yasiyoisha, mafuta yake huwa mepesi na gari huanza kurukaruka kama mpira. Chini ya sampo ikafungwa sahani nene ya chuma, maana jiwe moja likitoboa sampo, mafuta yanamwagika na injini inakufa ndani ya dakika chache. Tangi la mafuta likaongezwa. Taa za ziada zikafungwa mbele kwa ajili ya usiku na vumbi.

Kuna kitu kimoja tunachokipenda zaidi, maana hakigharimu chochote. Nyuma ya magari mengi ya Safari palifungwa vishikio juu ya buti, na vipandio kwenye bampa. Gari likianza kuteleza kwenye tope, dereva mwenza alitoka, akapanda nyuma na kurukaruka huku dereva akikanyaga mafuta taratibu. Uzito ule juu ya matairi ya nyuma, ambayo ndiyo yaliyosukuma, ulitosha kuyafanya yashike ardhi. Angalizo kwa anayetaka kuiga: Probox na Corolla nyingi za leo zinasukumwa na matairi ya mbele. Kuwapandisha vijana kwenye buti kutainua pua ya gari na kulizamisha zaidi, acha hatari ya mtu kuanguka.

Pasaka ya 1965 ikafika. Joginder na Jaswant waliondoka na namba 1. Namba hiyo ni baraka na balaa. Anayetangulia hali vumbi la mtu, lakini yeye ndiye wa kwanza kugundua kwamba mto umejaa, na hakuna alama ya tairi ya kumwonyesha pa kupita. Ndugu wale wawili waliendesha kama mafundi. Hawakulikimbiza gari kila mahali. Walilisikiliza, wakalipumzisha penye mawe, wakalikimbiza penye njia nzuri. Walipofika mwisho walikuwa wamemwacha mshindi wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, na sasa mtu wake, mzaliwa wa Kericho, alikuwa ameshinda mashindano yaliyoanzishwa kwa heshima ya Malkia. Watu wakampa jina la Simba wa Kenya. Wazungu wao walimwita Kalasinga anayeruka.

Miaka iliyofuata haikuwa ya asali tupu. Alishika nafasi ya pili mwaka 1969 akiwa na Volvo nyingine, na ya pili tena mwaka 1970 akiwa na Datsun 1600 SSS. Miaka tisa ilipita tangu ushindi wa kwanza. Wengine walianza kusema wakati wake umekwisha.

Mwaka 1974, akiwa na miaka 42, alikuja na gari ambalo wengi hawakulipa uzito: Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Hilo nalo lilikuwa gari dogo la familia lililopewa nguvu kidogo, injini ya sentimita za ujazo 1,600 na kabureta mbili. Waliokuwa mbele yake kwa sifa na fedha walikuwa Porsche 911 za Ujerumani, magari yaliyozaliwa kwa ajili ya kasi. Joginder, na David Doig kama msoma ramani wake, waliwashinda. Björn Waldegård wa Sweden, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia, alishika nafasi ya pili na Porsche yake. Wakati huo Safari ilikuwa imekwishaingia katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ngazi hiyo.

Mwaka 1976 akarudia, gari aina ile ile na Doig yule yule. Safari hiyo Lancer zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimpita kwa kushinda mara tano, lakini hata hilo halikumtoa Simba kwenye midomo ya watu.

Kwetu sisi hesabu inayotuvutia zaidi si zile tatu. Kati ya mwaka 1959 na 1980 Joginder aliingia Safari mara 22, na akafika mwisho mara 19. Katika mashindano ambayo mwaka mwingine magari saba tu yalimaliza, hesabu hiyo inaonyesha kazi ya gereji kuliko kazi ya mguu wa kulia.

Tuwe wakweli kuhusu tofauti ya zama. Volvo na Lancer za Joginder zilikuwa na kabureta, pointi na plagi, vitu ambavyo mtu mwenye spana, bisibisi na kipande cha msasa aliweza kuvirekebisha kando ya barabara. Gari la leo lina sensa na kompyuta yake, na mtu akikata waya asioujua anaweza kuizima injini nzima. Pia kuinua gari kwa spesa hakukuja bure. Gari likiinuliwa, ekseli za mbele hukaa kwa pembe isiyo yake, joint zake huisha mapema, na uzito ukipanda juu gari hupinduka kirahisi kwenye kona. Mafundi wa Safari walipobadilisha springi walibadilisha na shokapu ziendane nazo, wakaangalia breki, wakapima usukani upya. Mwenye gari hapa kwetu mara nyingi hulipia spesa tu, kisha anapakia abiria wanane na magunia mawili ya pamba.

Joginder aliacha Safari baada ya mwaka 1980. Baadaye aliishi Uingereza, na alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013 akiwa na miaka 81.

Safari yenyewe ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021 huko Naivasha, safari hii kwa barabara zilizofungwa na magari yanayosomwa kwa kompyuta. Lakini tangu mwaka 2003 yamekuwepo mashindano mengine, ya magari ya zamani tu, na kuna miaka ambayo yamevuka mpaka kuingia Tanzania. Humo bado utaziona Datsun na Ford za zama za Joginder, zikiwa na taa za ziada mbele na sahani ya chuma chini ya sampo.