Tom Mboya na Deni la Ardhi

Wengi wetu tunamjua hayati Tom Mboya kama yule kijana mtanashati aliyetetea wafanyakazi na kuwatafutia wanafunzi nafasi za masomo Marekani. Mimi pia nilijua hayo tu. Kumbe alishughulika na udongo vilevile! Nimeamua kuwasimulia upande huo, kwa kuwa unaligusa shamba la babu yangu hapa Migori.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga, Homa Bay, lakini baba yake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge la mzungu. Basi mtoto huyu alifungua macho juu ya ardhi isiyo yao. Alisoma Yala na Mang'u, kisha akaenda Kabete kusomea ukaguzi wa afya. Baadaye akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Mwishoni mwa mwaka 1964 alikabidhiwa Wizara ya Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Mwaka uliofuata serikali ilitoa Waraka Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, naye Mboya ndiye aliyekuwa mhimili wake. Waraka huo ulionya kwamba kuharibu ovyo misitu, wanyamapori na ardhi yenye rutuba kunahatarisha maisha ya vizazi vijavyo. Ukataka nchi iwe na sera ya taifa ya matumizi ya ardhi.

Niliposoma hapo nilitaka kupiga makofi. Nilipoendelea, nikanyamaza. Waraka huohuo ulisema pesa za maendeleo zipelekwe kwanza penye ardhi nzuri, mvua na barabara, ili zizae haraka. Watu wa sehemu zenye uhaba wasaidiwe zaidi kwa elimu na afya, na wengine wahimizwe kuhama. Ni kweli, nchi ilikuwa changa na hazina ilikuwa ndogo. Lakini jamani, kwa hesabu hiyo, vilima vikavu vya kwao Rusinga vingefika lini mbele ya foleni?

Hata hivyo, Homa Bay ilipata kitu. Mwaka 1966 bonde la Lambwe lilitengwa kuwa hifadhi, na mwaka 1983 likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma. Hadi leo, korongo wa porini wa Kenya, yule swala mkubwa, amebaki huko tu. Penye ulinzi na pesa za umma, kitu hubaki.

Mboya hakuishi kuona mengi. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga. Ile sera ya matumizi ya ardhi ilikuja kupatikana mwaka 2017, yaani miaka 52 baada ya waraka wake!

Sasa turudi kwa babu. Miti yake iliishia kwenye tanuri za kukausha tumbaku, na mvua ikachimba mitaro shambani. Kila msimu yeye huchimba matuta kwa jembe lake, kwa nguvu zake na kwa pesa zake. Akishamaliza, maji hushuka kutoka mlimani, ambako si kwake, na kuyabomoa. Mtu mmoja hawezi kuutunza mlima. Hiyo ni kazi ya sera yenye bajeti.

Wenzangu, kila mwaka kaunti zetu huwaita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Tuwahimize wazazi wetu wahudhurie, waulize matuta na miche vimetengewa shilingi ngapi. Hayati Mboya aliiachia nchi ahadi kwenye karatasi, na ahadi ni deni. Babu yangu bado anadai.