Sir Harry Johnston na Mto Songwe

Barabara itokayo Tukuyu huteremka kupita mashamba ya chai na migomba, hata kufika Kasumulu, penye Mto Songwe. Ng'ambo yake ni nchi ya Malawi. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule husikilizana kwa maneno, nao husimulia ya kuwa watawala wao wa kale walitoka katika milima ya Ukinga. Imekuwaje basi mto huo ukawatenga? Habari hiyo imo katika maisha ya Mwingereza mmoja, Harry Johnston.

Alizaliwa London mwaka 1858. Alikuwa mfupi sana wa kimo, mwenye sauti nyembamba, na wengi waliomwona mara ya kwanza walimdharau bure. Alijifunza kuchora picha, tena alipenda mno ndege, wanyama na lugha za watu. Mwaka 1884 wataalamu wa Uingereza walimtuma Kilimanjaro kukusanya mimea na wanyama. Alikaa Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, wakakosana. Kisha akafanya mapatano na wazee wa Taveta. Karatasi ile ilikuwa ndogo, lakini haikupotea. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi, yaani Wajerumani, walipogawana nchi, mlima ulikuwa wa Wadachi, na Taveta ikawa ya Waingereza. Ndiyo sababu Taveta imo Kenya leo.

Mwaka 1889 Johnston alifanywa balozi wa Uingereza katika Msumbiji, akapanda Mto Shire hata Ziwa Nyasa. Huko Karonga alikuta vita. Mlozi, mfanyi biashara wa watumwa na pembe, alikuwa akipigana na kampuni ya Waingereza tangu mwaka 1887, na Wangonde wengi walikuwa wameuawa katika matete ya bwawa la Kambwe. Johnston akafanya amani na Mlozi mwezi wa Oktoba, akashika njia ya Ziwa Tanganyika, akitaka machifu waweke alama zao juu ya hati zake. Ni shida kuamini ya kwamba walijua hati zile zitatumiwa kwa kazi gani huko Ulaya.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Waingereza na Wadachi walipatana. Hakuna chifu wa Unyakyusa wala wa Ungonde aliyeitwa. Mpaka ukaandikwa kufuata Songwe kutoka ziwani, kaskazini ya mto Wadachi, kusini Waingereza. Katika ziwa, mpaka uliandikwa kufuata pwani ya mashariki, si katikati ya maji. Na kwa neno hilo Tanzania na Malawi zimeshindana miaka mingi.

Tangu mwaka 1891 hata 1896 Johnston alitawala nchi ya kusini. Amani ya Mlozi haikudumu. Mwaka 1895 Johnston akarudi Karonga na askari na mizinga, akaivunja boma yake, na Mlozi akanyongwa. Baadaye alitumwa Uganda, akafanya mapatano ya mwaka 1900 na wakuu wa Buganda. Mwaka 1901 mnyama wa msitu wa Kongo aitwaye okapi alipewa jina lake na wataalamu.

Katika uzee wake alitoa vitabu viwili vikubwa, mwaka 1919 na 1922, akilinganisha maneno ya lugha za Kibantu zaidi ya 200, na kuonyesha jinsi zilivyo ndugu. Mtu huyohuyo aliyepita akikusanya hati za kugawia nchi ndiye aliyetumia miaka mingi kuonyesha udugu wa lugha zake. Alikufa mwaka 1927.

Songwe wenyewe haukutii karatasi. Katika tambarare za Kyela, mvua kubwa zikija, mto hufurika na kuhama njia yake, na mkulima wa mpunga aweza kuona shamba lake limebaki ng'ambo. Kwa sababu hiyo serikali za Tanzania na Malawi zimefanya shauri pamoja, ili mto utulizwe mahali pamoja.